Maporomoko ya Sanje kwa siku moja: jibu kwa mwalimu wa Nachingwea

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Wafanyakazi wa shule yetu, watu 22 wenye umri kati ya miaka 24 na 59, wamechangishana fedha ili tukapande hadi maporomoko ya maji ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Tumepanga kuondoka kwa basi la kukodi Ijumaa jioni, kupanda Jumamosi asubuhi, na kuanza safari ya kurudi jioni hiyo hiyo. Wenzetu wawili watakuja na watoto wa miaka tisa, na mmoja anasumbuliwa na goti. Wengi wanapendekeza Desemba, baada ya malipo ya korosho. Je, mpango huu unawezekana, na tujiandae vipi?

Jibu: Mwalimu, kupanda Sanje kunawezekana kabisa kwa kundi kama lenu, kisichowezekana ni ratiba mliyoipanga. Nimewahi kuongoza watu waliokaribia miaka 70 wakafika na kurudi wakicheka, na nimewahi kuongoza vijana wenye afya tele wakateremka gizani wakishikana mikono, na kilichotofautisha makundi hayo mawili hakikuwa nguvu ya miguu bali saa waliyoanza kupanda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu langu itahusu muda, nami naomba univumilie kabla hatujafika kwenye viatu na chakula.

Ramani hutudanganya sisi watu wa Kusini. Ukiitazama, Liwale inaonekana kuwa jirani wa bonde la Kilombero, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini katikati kuna eneo kubwa la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na Pori la Akiba la Selous, ambako hakuna barabara ya basi la abiria. Hamna budi kuzunguka: Nachingwea hadi Lindi, kisha barabara ya pwani kupitia Nangurukuru na Daraja la Mkapa hadi Dar es Salaam, ambayo kutoka Lindi ni kama kilomita 450, Dar es Salaam hadi Morogoro kama kilomita 190, Morogoro hadi mji wa Mikumi kama kilomita 120, na hapo mnaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kidatu na Ifakara kwa kilomita zipatazo 60 hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Jumla inazidi kilomita 900. Basi la kukodi likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, likiwa halijasimama popote, mkiondoka saa 12 jioni mtafika saa 3 asubuhi. Mabasi ya kukodi husimama, na ninyi mtataka kula, kuswali na kujisaidia. Hesabu ya kweli ni saa 5 asubuhi au baadaye, na bado hamjalipa kiingilio.

Miaka kadhaa iliyopita nilikubali, kwa kuona haya kukataa, kuongoza watumishi wa ofisi moja ya hapa Mtwara waliokuwa wamesafiri usiku kucha kwa mpango unaofanana sana na wenu. Walifika wamechoka, nusu yao hawakuwa wamelala, malipo yakachukua muda kwa sababu mtandao ulikuwa unasuasua, na tukaanza kupanda saa 7 mchana, joto likiwa limekolea. Kupanda tulipanda. Tulipokuwa tunateremka, dada mmoja aliteguka kifundo cha mguu penye mizizi, tukalazimika kwenda kwa mwendo wake, na saa 12 ilitukuta bado tumo msituni tukimulikiana kwa tochi za simu. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, lakini tangu siku ile sipandi na kundi lolote ambalo halikulala Mang'ula au karibu yake usiku uliotangulia.

Kuna sababu ya kimaumbile inayolifanya giza la Sanje liwahi. Maporomoko haya yako upande wa mashariki wa milima, upande unaotazama bonde la Kilombero. Asubuhi jua huyapiga usoni, maji yakang'aa, na hata picha hutoka vizuri. Kuanzia alasiri jua huingia nyuma ya mlima, na chini ya miti mikubwa kunaanza kuwa kiza wakati kule barabarani watu bado wanaanika mpunga. Mtu aliyezoea machweo ya Lindi, ambako jua huonekana hadi linapozama, hujikuta amepungukiwa na saa nzima aliyokuwa akiitegemea.

Kwa hiyo pendekezo langu ni siku tano. Siku ya kwanza muondoke alfajiri na kulala Morogoro, hata mkifika usiku. Siku ya pili msafiri mchana kutoka Morogoro hadi Mang'ula bila haraka. Barabara kuu inakatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na mara nyingi abiria huona swala, twiga na hata tembo wakiwa ndani ya basi, jambo ambalo watoto wenu watalisimulia kuliko maporomoko yenyewe. Mwambieni dereva aheshimu vibao vya mwendo katika kipande hicho, kwa kuwa anayegonga mnyama hutozwa faini kubwa. Jioni hiyo mjiandikishe na kulipa katika makao makuu ya hifadhi. Siku ya tatu mpande. Siku ya nne na ya tano ni za kurudi. Najua kwamba siku tano ni gharama, lakini mbili kati yake mngezitumia barabarani hata hivyo. Mnachoongeza hasa ni malazi, na nyumba za wageni za Mang'ula si za bei ya kutisha.

Sasa njia yenyewe. Baada ya kukamilisha taratibu Mang'ula, mnapanda gari na kurudi kaskazini kiasi cha kilomita 10 hadi kijiji cha Sanje, ambako njia inaanzia. Mlipokuwa mnakuja kutoka Kidatu, baada ya mashamba ya miwa, mngekuwa mmeshayaona maporomoko upande wenu wa kulia kama mstari mweupe uliochorwa kwenye kijani cha mlima. Huo mstari ni maji yanayoshuka takribani mita 170 kwa hatua, yakitua na kuanguka tena. Njia ya mzunguko ina urefu wa kilomita kama nne au tano tu, na mtu wa kawaida huimaliza kwa saa nne. Kwa watu 22 wenye watoto wawili na goti moja bovu, hesabuni saa sita pamoja na kupumzika. Mkianza saa 1:30 asubuhi, saa 8 mchana mko kwenye gari, na kama jambo lolote likiharibika mna akiba ya saa tatu za mwanga.

Usidharau kilomita nne hizo kwa sababu ya ufupi wake. Njia inapanda kwa ukali tangu mwanzo, na ijapokuwa kivuli kipo karibu muda wote, hewa ya chini ya msitu ni nzito na yenye unyevu, kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Mtu huendelea kutokwa na jasho, kupoteza maji na chumvi, huku joto la mwili likipanda pole pole. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu na mtu mcheshi kunyamaza ghafla. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi. Kila mtu mzima abebe lita tatu za maji, anywe mafunda machache kila baada ya robo saa pasipo kungoja kiu, na kundi liwe na pakiti kadhaa za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zile zinazouzwa katika kila duka la dawa.

Watu wa Newala na Tandahimba wana uzoefu ambao utawasaidia, na pia una mtego. Uwanda wa Makonde, zilipo wilaya hizo mbili, umekaa juu ya mchanga unaomeza mvua, ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabonde marefu kufuata maji, na kila mmoja wao alijua kwamba kuteremka na ndoo tupu si kazi. Kazi ni kupanda nayo ikiwa imejaa. Udzungwa ni mwamba mgumu wa kale sana, maji hayazami kwa urahisi bali hukimbia juu yake na kuanguka kila mwamba unapokatika, na kwa mgeni asiyebeba ndoo kazi hugeuka kinyume: kupanda hukuchosha, kuteremka ndiko hukuumiza. Wakati wa kuteremka msuli wa paja hufanya kazi ya breki kwa kila hatua, uzito wote wa mwili hutua gotini, na uchovu huja wakati huohuo ambapo mizizi na mawe yaliyolowa yanahitaji uangalifu zaidi. Wengi wa walioumia nikiwaongoza waliumia wakati wa kurudi, tena kwenye kipande cha mwisho, walipokwisha kuanza kuzungumza habari za chakula.

Kwa sababu hiyo mazoezi yenu yawe ya kuteremka. Kwa wiki sita kabla ya safari, mara mbili kwa wiki, tafuteni mlima wowote na mshuke taratibu bila kukimbia. Nachingwea haikosi vilima. Mkiweza kujipangia Jumamosi moja kwenda Shimo la Mungu pale Newala, au kupanda uwanda wa Rondo ambao unakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari, mtajua mapema nani kati yenu anadai kuwa mzima na nani ni mzima kweli.

Kuhusu mwenzenu mwenye goti, jibu linategemea jambo moja: anapata maumivu akishuka ngazi? Kama anashuka ngazi za jengo bila kushika ukuta, aje Sanje akiwa na fimbo mbili imara, atembee karibu na mbele ili yeye ndiye apange mwendo wa kundi, na asibebe mzigo. Kama ngazi zinamsumbua, Sanje si yake safari hii, nanyi msimbembeleze. Hatakosa maporomoko: karibu na makao makuu ya Mang'ula kuna njia fupi ya kama kilomita moja kwenda na kurudi hadi maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, mume wa Malkia Juliana, aliyehudhuria ufunguzi wa hifadhi mwaka 1992. Ni madogo, lakini mbega wekundu hupenda miti ya upande huo, na mtu aliyetulia peke yake na mwongozaji wake huwaona vizuri kuliko kundi la watu 20 linalopiga soga.

Watoto wa miaka tisa hawanitii wasiwasi wakipanda. Wasiwasi wangu ni kwenye madimbwi yaliyo chini ya maporomoko, na hapa nawaomba watu wa pwani wanisikilize kwa makini, maana ndio hujiamini kupita kiasi. Aliyejifunza kuogelea katika bahari ya Lindi au Mikindani amezoea maji ya chumvi, ambayo ni mazito na humwelesha mtu. Maji ya mto hayambebi hivyo. Tena maji yanayopiga chini ya maporomoko yamejaa mapovu ya hewa, hivyo yanabeba hata kidogo zaidi, na yana mkondo wa chini unaovuta kuelekea kwenye ukuta wa mwamba. Ogeni pembezoni, mahali mwongozaji atakapowaonyesha, pasipozidi kiuno. Msirukie dimbwi, hata kama mmewaona vijana wa kijiji wakiruka. Wao wanajua jiwe liko wapi. Na mkiona maji yamebadilika rangi kuwa ya udongo, au yanaleta majani na vijiti kwa wingi, au sauti ya maporomoko imeongezeka, tokeni mara moja mpande mahali pa juu bila kungoja mjadala. Mvua ikinyesha kule juu ya mlima, mto unaweza kupanda wakati ninyi huku chini mnaota jua.

Hilo linanifikisha kwenye Desemba, ambayo naikataa. Naelewa hoja ya korosho; mfuko wa Kusini huanza kunenepa minada inapofunguliwa, na mimi mwenyewe hupata wateja wengi miezi hiyo. Lakini sisi huku tumezoea msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, ilhali miteremko ya mashariki ya Udzungwa hupata upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na mvua inayofikia milimita 2,000 kwa mwaka, mara mbili ya ile ya kwetu. Novemba na Desemba njia huwa na utelezi. Machi hadi Mei ni masika yenyewe, na hata barabara yetu ya pwani haina dhamana, kama tulivyoona Mei 2024 mafuriko ya wakati wa kimbunga Hidaya yalipoikata kule Kilwa. Chagueni likizo ya katikati ya mwaka, wiki za mwisho za Juni au mwanzo wa Julai. Wakati huo njia imekauka, hali ya hewa imepoa kidogo, na mto bado una maji mengi yaliyoachwa na masika. Septemba na Oktoba njia huwa kavu zaidi, ila maji hupungua. Fedha za korosho zinaweza kuwekwa akiba hadi Juni. Mwekeni mhasibu wa shule azitunze, si mwalimu wa michezo.

Hamtaingia njia ya Sanje bila mwongozaji wa hifadhi, na kwa kundi la watu 22 ombeni wawili, mmoja atangulie na mwingine afunge msafara. Hifadhi hii yenye kilomita za mraba 1,990 haina barabara za kutalii kwa gari. Kila kitu ni kwa miguu, na tembo wapo, ingawa katika njia za maporomoko utaona zaidi kinyesi chao kuliko wao wenyewe. Mwongozaji mzuri atawaonyesha vitu ambavyo macho yenu yangevipita. Mwombeni awasikilizishe kima anayeitwa mangabe wa Sanje. Wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979, nao walimtambua kwanza kwa sauti yake, ingawa wenyeji walikuwa wanamjua siku zote na jina wamempa, ngolaga. Hapatikani mahali pengine popote duniani zaidi ya misitu ya Udzungwa. Katika sehemu ya wazi ya njia mtaliona bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa yakiwa chini yenu. Maji mnayoyaona yakianguka yataishia katika Rufiji, nanyi mtakuwa mmeuvuka mto huohuo siku mbili nyuma pale Daraja la Mkapa.

Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni. Mtapewa namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, kisha mnalipa kwa simu au benki. Hakikisheni mtu mmoja ana salio la kundi zima kwenye simu yake kabla hamjafika, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake cha Taifa, kwa kuwa raia hutozwa kiwango cha chini kuliko wageni.

Viatu: raba zenye kashata zilizotembelewa angalau mwezi mmoja, soksi nene, kucha za vidole vya miguu zimekatwa siku mbili kabla. Kandambili na yeboyebo zibaki ndani ya basi. Suruali iwe ndefu na iingizwe ndani ya soksi, kwani siafu huvuka njia kwa msafara na hawajali cheo cha mtu. Chakula kiwe chepesi chenye nguvu: korosho zenu wenyewe, karanga, ndizi, maandazi, mayai ya kuchemsha. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha huku Kusini, msibebe, itaharibika njiani, japo najua mtabeba. Msiwape kima chochote, na kila ganda lirudi nanyi katika mfuko wa kitambaa. Mvae mikono mirefu jioni na mlale ndani ya chandarua, maana bonde la Kilombero lina malaria nyingi.

Jioni mtakapofika Mang'ula, kabla ya kula, mwulizeni mwongozaji wenu mto ulikuwaje wiki hiyo na mara ya mwisho mvua ilinyesha lini kule juu. Akisema kesho msipande Sanje, mwende njia nyingine, lichukueni jibu lake na muache langu.